Mtoto Kimya katika Nyumba ya Maneno Mengi

Mimi ni mtu wa maneno. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kuomba radhi, ndiyo kazi yangu. Nauza vitenge katika Quartier Asiatique, hapa Bujumbura, na kitenge hakijiuzi chenyewe. Lazima umwambie mteja kwamba rangi hii inampendeza, kwamba mke wa fulani alichukua hii hii jana, kwamba akizunguka maduka mengine akarudi atakuta imekwisha. Mume wangu ni fundi wa magari. Mchana kutwa anaongea na injini, na akirudi nyumbani Musaga anatueleza injini zilimjibu nini. Mama yake mzazi, aliyehamia kwetu tangu maji yalipoingia nyumbani kwake Gatumba, alitumia ujana wake kuvusha samaki na sabuni mpakani, na hakuna mtu anayeweza kuvuka mpaka ule miaka yote hiyo bila ulimi uliolainika. Ukitukuta watatu tunakula, utadhani kuna kesi inasikilizwa.

Katika nyumba hiyo ndimo alimozaliwa binti yangu, ambaye hakusema kitu.

Alikuwa amekaribia miaka mitatu na hakuwa na neno hata moja. Si mama, si baba, si maji. Alicheka, alilia, alipanda juu ya kabati la vyombo, na alielewa kila tulichosema, pamoja na yale tuliyonong'onezana kuhusu sindano ya chanjo. Akitaka kitu alikitazama. Ukichelewa alikuvuta gauni. Kwake mambo yalikuwa yamekamilika, na alituangalia tukibwabwaja kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Mimi nilitaka jambo moja tu hapa duniani: kusikia sauti ya mwanangu ikitamka neno. Lolote, hata tusi. Dukani niliwasikia watoto wa wateja wakidai biskuti kwa makelele, mama zao wakiwanyamazisha, nami niliwaonea wivu mama wale mpaka nikakosea kupima kitambaa.

Ushauri ulikuja bure na kwa wingi. Jirani mmoja alisema mtoto wa dada yake alichelewa hivyo hivyo na sasa ni mwalimu, hanyamazi. Shangazi wa mume wangu alitaka mtoto akatwe kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni, na alikuwa tayari anamjua mzee wa kukikata. Nilimwambia aanze na chake, tuone kama atapunguza maneno. Hakukanyaga kwetu kwa muda mrefu, na sikumtafuta.

Tatizo likawa kubwa tulipokwenda kumwandikisha shule ya chekechea. Mkuu wa shule, mama mmoja mwenye miwani na heshima zake, alimsalimu mtoto, akasubiri, akaniangalia mimi.

"Mu nyumba munasemaka luga gani?"

Nilimwambia ukweli. Mimi na baba yake Kiswahili, bibi yake Kiswahili na Kirundi, majirani Kirundi, redio Kifaransa.

"Munamuchanganya mutoto," alisema. "Muchague Kifaransa, mubakie apo. Akianza kusema, mumulete."

Tukafanya kikao cha familia jioni ile ile, tukapitisha kwa kauli moja: kuanzia kesho, mbele ya mtoto, Kifaransa peke yake. Kikao chenyewe tulikifanya kwa Kiswahili, maana kilikuwa na mambo mazito.

Sasa niwaeleze Kifaransa cha nyumba yetu. Cha mume wangu ni cha gereji. Anajua breki, bateri, karibureta, bomba la mafuta na namna ya kumwambia tajiri kwamba gari lake limekufa. Akitaka chumvi hana pa kuanzia. Changu ni cha dukani: niliweza kumwambia binti yangu kwamba bluu inamkaa vizuri sana na kwamba hiyo ndiyo bei ya mwisho. Mama mkwe wangu alikuwa na maneno matatu, bonju ya salamu, mersi ya asante na sava ya hujambo, na aliyatumia yote bila ubahili. Bonju asubuhi, bonju wakati wa kunawa mikono, bonju mtoto akianguka na kujigonga goti. Siku moja nilimkuta amemwinamia mtoto aliyekuwa na homa, anampangusa jasho, anamwambia kwa huruma kubwa, sava, mersi, sava.

Baada ya hapo nyumba ikaingia baridi. Watu watatu wasiojua kunyamaza tulikaa tunatazamana, kila mmoja anatafuta neno ambalo hakuwahi kuwa nalo. Jirani alikuja na kikapu cha ndizi akauliza kwa sauti ya chini nani amefariki. Mume wangu alianza kuchelewa kurudi kutoka kazini kwa sababu kule angeweza kuongea. Aliyeumia zaidi alikuwa bibi. Zamani alikuwa akimpakata mjukuu wake na kumsimulia mambo ya Gatumba, samaki wakubwa, wanajeshi wa mpakani aliowadanganya, mama fulani aliyefunga sabuni tumboni akajifanya mjamzito. Sasa alimpakata, akafunga mdomo, akampapasa kichwa. Niliona jambo hilo na sikulipenda, ila nilijiambia ni dawa, na dawa huwa chungu.

Daktari wa masikio ndiye aliyetupeleka mahali pengine. Alimpima mtoto, akasema anasikia vizuri kuliko sisi wote, kisha akataja neno ambalo sikuwahi kulisikia: ortofonisti. Ni mtu aliyesomea kuwasaidia watu kuongea. Mjini kwetu si wengi, kwa hiyo tulisubiri zamu yetu kwa muda, na katika kusubiri nilijenga picha yangu: mashine, waya, taa ya kumulika kooni. Tulipofika tukakuta chumba kidogo chenye mkeka, kikapu cha vikorokoro na dada mmoja kijana aliyekaa chini, miguu ameikunja, anapuliza mapovu ya sabuni. Nilidhani ni msaidizi. Kumbe ndiye.

Alimwangalia binti yangu akamuuliza jina lake. Nikamjibu. Akamuuliza anapenda kula nini. Nikamjibu, nikaongeza na asivyopenda. Akatoa mpira kikapuni, akauinua karibu na uso wake, akamuuliza ni nini.

"Mupira," nikasema.

"Vizuri sana, mama," alisema yule dada bila kucheka. "We umefaulu. Sasa tujaribu na mutoto."

Nilijikaza. Naapa nilijikaza, lakini alipomwonyesha kijiko mdomo wangu ulifunguka wenyewe, ikabidi niuzibe kwa mkono. Yule dada alipuliza povu, akaacha, akamtazama mtoto na kungoja. Muda ulikuwa mrefu hata nikasikia saa ya ukutani. Mtoto akamtazama, akatazama chupa ya mapovu, akatoa pumzi kwa nguvu, "hhh". Basi dada akapuliza tena kana kwamba ameombwa na waziri.

Kisha akaniuliza tunaongea lugha gani nyumbani. Hapo nilikaa sawa, maana hili nilikuwa nalijua.

"Kifaransa tu," nilisema. "Tuliacha ingine yote."

Aliweka chupa ya mapovu chini.

"Mama, mafuta ya moto ikikurukia mu mukono, unasemaka nini?"

Nilimwambia ninachosema. Siwezi kukiandika hapa, lakini si Kifaransa. Yule dada akacheka mpaka akashika mkeka.

"Rudisha luga zenu," alisema alipotulia. "Zote. Ya bibi pia. Mutoto anaweza kubeba luga mingi, asikudanganye mutu. Mi naona kitu kingine. Mu nyumba yenu, mutoto akitazama maji, nani anamupa?"

"Sisi wote."

"Mbele ya kuomba?" aliuliza, yaani kabla hajaomba.

"Mbele ya kusikia kiu," nilisema, na nilikuwa bado najivuna.

"Basi atasema kwa nini? Munamujibu mbele aulize. Mutoto hakosi akili, anakosa nafasi."

Nililitafakari jambo hilo ndani ya basi dogo mpaka Musaga, kimya, kitu ambacho kwangu ni sawa na ugonjwa.

Kazi aliyotupa ilikuwa rahisi kuisikia. Ukimpa mtoto kitu, kishike kwanza mahali anapokiona, mtazame usoni, funga mdomo, ngoja. Akitoa sauti yoyote, mpe kwa furaha. Asipotoa, ngoja kidogo tu kisha mpe hivyo hivyo, asije akaona ni adhabu. Si kumnyima, alisisitiza, ni kumwachia mlango wazi.

Habari ya lugha ilipokelewa kwa shangwe. Mume wangu aliongea jioni nzima bila kumeza mate. Mama mkwe alimpakata mjukuu na kumrudishia Gatumba yote, samaki, wanajeshi na yule mama wa sabuni, na mtoto alimkodolea macho mdomoni kwa raha iliyonipa moyo. Shida ilikuwa kule kungoja. Mimi nilingoja vibaya, lakini nilingoja. Mume wangu alingoja kwa kugeuka ukutani. Mama mkwe alikataa waziwazi.

"Mi nishike mandazi mu mukono, mutoto aniangalie?" aliniuliza. "Iyo ni choyo. Mutoto hajaomba na macho? Macho si kitu?"

Kwake yeye, mtu wa kumfanya mwenzake aombe chakula hana tofauti na mwizi. Katika nyumba yake ya Gatumba, sahani ilikuwa mbele yako kabla hujamaliza kusalimia, na kama hukula aliona umemtukana. Kwa hiyo jicho la mtoto likielekea upande wa mandazi, andazi lilikuwa limeshafika. Nilipomkemea alianza kumpa kwa siri, nyuma ya pazia. Nilikuta makombo kwenye kitanda chake na alinitazama machoni akasema ni panya.

"We ulizaa, mi nililea," alinimalizia siku nyingine. "Mume wako nilimunyima kitu gani? Na haongei?"

Mume wangu alikuwa uani wakati huo huo, anamweleza jirani habari za giaboksi kwa sauti ya kusikika barabarani.

Nilimshtaki kwa ortofonisti. Nilitegemea atampigia simu na kumkaripia. Alisema tu, muje naye.

Mama mkwe alijiandaa kama anakwenda harusini. Alivaa kitenge changu kizuri kuliko vyote, kile nilichokuwa nimekificha kwa ajili ya mteja maalumu, akajifunga mtandio, akajifukiza udi. Njiani aliniambia kwamba yuko tayari kumsikiliza binti yule lakini binti yule naye awe tayari kumsikiliza. Nilianza kumwonea huruma yule dada.

Tulipofika, mimi na mtoto tuliingia moja kwa moja kama tulivyozoea. Mlango ulikuwa wazi. Yule dada alikuwa ametugeuzia mgongo, anatafuta kitu kabatini. Mama mkwe alisimama nje ya kizingiti.

"Hodi," alisema.

Dada hakusikia. Nikamfanyia ishara mama aingie. Alinitazama kana kwamba sikulelewa, akabaki pale pale, mikono ameikunja, hana haraka yoyote. Ni yule yule asiyeweza kungoja andazi lipoe.

"Hodi," alisema tena.

Dada aligeuka, akamwona, akamkaribisha. Lakini hakuanza na mambo niliyomshtakia. Alimkalisha, akamsalimia kwa mapana na marefu, kisha akamuuliza.

"Mama, mulango ulikuwa wazi. Kwa nini haukuingia?"

"Bila kukaribishwa? Mi nilifundwa, binti yangu. Unapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bakinyamaza, unarudia kwenu."

"Na haukasirike?"

"Nikasirike nini? Nyumba ni ya mwenyewe. Ye ndiye anajua kama anakutaka."

Yule dada alikaa anamtazama mama mkwe wangu kwa furaha ambayo sikuielewa mara moja. Hakutaja chakula hata kidogo. Aliomba jambo moja: kila siku, bibi atoke uani, aje mlangoni, ampigie mjukuu wake hodi. Mwenye nyumba awe mtoto. Mtu mwingine yeyote asijibu, na hapo alinitazama mimi.

Mama mkwe alifikiri. Alilipindua lile jambo pande zote akitafuta choyo, hakukiona. Kinyume chake, aliona ni adabu, na akasema ilikuwa wakati mtu aanze kufundisha adabu katika nyumba ile. Yeye pia alinitazama mimi.

Tukaanza. Kila siku baada ya sala ya alasiri bibi alitoka, akavaa ndala, akazunguka ua, akaja mlangoni. Hodi. Mtoto alimtazama akacheka. Hodi. Mtoto alijificha nyuma ya kiti. Hodi ya tatu, akangoja, kisha akageuka kwa heshima zote akaenda kukaa kwenye kigoda karibu na jiko la nje. Mtoto alimfuata mbio, akamvuta gauni. Ortofonisti alikuwa amesema kuvuta gauni si haba. Mama mkwe alikuwa mkali kuliko ortofonisti.

"Kuvutwa si kukaribishwa," alisema. Alimpakata pale pale nje, akambusu, lakini ndani hakuingia kwa njia hiyo.

Siku zikapita hivyo. Nilianza kukata tamaa na kuficha kwamba nimekata tamaa. Zaidi ya hayo, majirani walikuwa wanaona. Mama mmoja wa nyumba ya pili alimkuta bibi amesimama mlangoni.

"Mama, bamekufungia inje?"

"Apana," alijibu mama mkwe wangu, kwa fahari ya kutosha watu watatu. "Nangojea mwenye nyumba."

Mwenye nyumba aliyeonekana mlangoni nilikuwa mimi, na kitambaa cha kufutia vyombo begani. Haikuchukua muda Musaga ikajua kwamba muuza vitenge yule anamsimamisha mama mkwe wake nje kama mgambo. Mteja mmoja alikuja mpaka Asiatique, akashika kitambaa bila kukitazama, akaniuliza kwa macho ya kubana mama anaendeleaje siku hizi. Nilimweleza habari za tiba ya kuongea toka mwanzo hadi mwisho. Hakuniamini, na hakununua.

Halafu ikaja Jumapili moja ambayo sote tulikuwa nyumbani. Bibi alitoka kama kawaida. Mawingu yalikuwa yameshuka toka milimani, nami nilimwambia leo tuache. Akasema mtu hapangiwi siku ya adabu. Alipofika mlangoni matone ya kwanza yalikuwa yanagonga bati.

"Hodi."

Mtoto alikuwa kwenye mkeka na mwanasesere wake. Aliinua kichwa. Mvua ikamwagika yote kwa pamoja, ile mvua ya kwetu isiyo na utangulizi. Mlango wetu hauna kibaraza, una ukingo mdogo wa bati unaomwaga maji hasa pale anaposimama mgeni.

"Hodi," alisema bibi, kwa sauti zaidi, kwa sababu ya bati.

Mtandio ulikuwa umeshamganda kichwani. Mume wangu alifungua kinywa, nikamkanyaga mguu. Mimi mwenyewe nilijaza ncha ya kanga mdomoni nikauma. Mtoto hakucheka safari hii, wala hakujificha. Alikuwa ameacha kucheza. Alimtazama bibi yake, akatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, akangoja tufanye kama siku zote, tuseme sisi. Hatukusema. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile, na nimezaa.

"Hodi," mara ya tatu.

Maji yalimtiririka puani. Alingoja. Alingoja vizuri, kwa muda wote anaostahili mwenye nyumba, kisha akainamisha kichwa kidogo na kugeuka aondoke kwenye mvua ile. Kwa kweli nilimchukia kila mtu kwa wakati huo: ortofonisti na mapovu yake, mama mkwe na adabu zake, mimi niliyekubali.

"Kuya."

Ilikuwa sauti nzito, ya kukwaruza kidogo. Miaka yote nilikuwa nimejitengenezea ya kwake kichwani, nyembamba, tamu, na haikuwa hiyo. Nilitazama nani ameingia. Binti yangu alikuwa amesimama juu ya mkeka, amenyoosha mkono.

"Kuya," alisema tena, kwa hasira, kwa sababu bibi alikuwa anachelewa.

Kwetu neno hilo ni njoo ya kuitia watoto na kuku. Mkubwa haambiwi hivyo, na mume wangu anakumbuka vizuri kofi alilopewa na mama yake alipolijaribu. Bibi aligeuka. Alivua ndala, akaingia, akasimama ndani ya mlango anachuruzika. Nilimjua, kwa hiyo nilijua kinachofuata: atamrukia mtoto, atambusu, atasoma dua, atamjaza mandazi mdomoni, atatueleza mpaka kesho jinsi alivyofaulu. Alikuwa anatetemeka kwa hamu ya kufanya hayo yote.

"Asante, mwenye nyumba," alisema. "Nikae wapi?"

Akafunga mdomo. Nimeishi na mama huyu, nimekula naye na kugombana naye, na sikuwahi kumwona akiuliza swali halafu akangoja jibu. Mume wangu alikuwa analia bila kujificha. Mimi pia nililia, kanga ikiwa bado mdomoni.

Mtoto alitazama kiti, akatazama kigoda, akafikiri. Hakuna aliyemsaidia. Kisha akasogeza mwanasesere pembeni, akapiga mkeka kwa kiganja, kando yake kabisa.

"Apa," alisema.

Bibi yake akakaa hapo, na nguo zake zilizolowa, na sote tukanyamaza tukingoja mwenye nyumba atuambie linalofuata.